Nilivyomzulia Kifo Mzee Mapunda

Jamani, kabla sijaanza naomba mnicheke kabisa, mcheke mmalize, kwa sababu mimi mwenyewe mwaka wa pili huu bado sijamaliza, na kila nikikumbuka najifunika uso na mtandio hata kama niko peke yangu jikoni. Nimeshafanya mambo ya aibu maishani mwangu (niliwahi kumpa mkaguzi wa shule kiti kibovu akaanguka nacho mbele ya darasa zima), lakini hakuna aibu iliyowahi kunitembeza njia nzima na kundi la watu wanaolia nyuma yangu, wote wanalia kwa sababu ya mdomo wangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, jina langu Zuhura, mzaliwa wa Tanga, kazi ikanileta Songea nikapanga chumba Bombambili, na mji nikaupenda, ile baridi ya mwezi wa sita tu ndiyo hatujaelewana mpaka leo. Pale shuleni kuna mwalimu wa hesabu anaitwa Lameck, mtu wa Shinyanga, mrefu, mpole, hata chai anainywa kwa ratiba. Huyu ndiye aliyetuanzishia mambo ya kutembea. Siyo kutembea kwa kwenda sokoni, hapana, kutembea kwa kutembea. Kanuni yake ni kwamba Jumamosi asubuhi mnapanda gari la abiria linalotoka mjini, mnashuka mahali alipopachora kwenye daftari lake, mnakata mashamba na mabonde na vilima kwa miguu kwa muda wa saa tano au sita, halafu mnatokea barabarani mahali pengine magari yanapopita, mnapunga mkono, mnarudi nyumbani. Wa tatu wetu ni Skola, fundi cherehani wa Mfaranyaki, Mngoni wa hapa hapa, ambaye alisema anakuja kwa sababu hawezi kuwaacha wageni wakapotelee kwao halafu yeye ndiye aulizwe.

Na ni raha, msinione mjinga. Gari likishaondoka na vumbi lake unasikia kimya kinakuingia masikioni kama maji ya kuoga. Ukungu bado umelala mabondeni, mahindi yamekauka yanasubiri kuvunjwa, njia nyembamba inapita pembeni ya shamba la mtu, inavuka kijito juu ya gogo moja, inapanda, na ukifika juu unaona vilima vinafuatana mpaka macho yanachoka. Njia zenyewe hakuna aliyezitengeneza kwa ajili yetu, ni za watu wa huko, za kwenda kisimani, kanisani, mashineni, kwa shemeji. Sisi tunaziunga tu.

Shida ilikuwa moja, kujieleza. Mtu akiona watu watatu wamevaa raba na vibegi mgongoni wanapita karibu na shamba lake, anawasalimu, halafu anauliza, na ana haki ya kuuliza.

“Gari limewaharibikia?”

“Hapana baba, tunatembea tu.”

“Mmetoka wapi?”

“Mjini.”

“Mnakwenda wapi?”

“Mjini.”

Hapo mtu anaweka jembe chini. “Yaani mmetoka mjini kwa gari, mkalipa nauli, ili mrudi mjini kwa miguu?”

Ukijibu ndiyo, anakutazama kwa huruma hujawahi kuiona. Siku moja Lameck alimweleza bibi mmoja kwamba haya ni mazoezi, ni kwa ajili ya afya, yule bibi akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akamnyooshea jembe: “Mazoezi haya hapa, mjukuu wangu. Nina ekari mbili.” (Lameck alilima matuta manne. Kwa haya tu.)

Sasa Jumamosi hiyo tukapanda gari la Lusewa asubuhi na mapema, tukashuka njiani, kijiji sitakitaja kwa sababu bado nina mpango wa kupita tena siku watakaponisahau. Ilipofika saa nne nilikuwa nimeshajieleza mara sita. Mara sita! Kwa mwenye baiskeli, kwa wavuna maharage, kwa katekista, kwa mzee aliyesisitiza kutupigia simu fundi wa magari. Koo limenikauka, jua limeanza kuuma, na mimi nikajisemea moyoni, wa saba akija namjibu kwa neno moja tu, neno ambalo mtu akilisikia anasema pole na kukuacha upite.

Akaja wa saba. Skola alikuwa ameingia kichakani kwa haja zake, Lameck ameinama anatoa jiwe kwenye kiatu, na mbele yangu akatokea mama mtu mzima na mzigo wa kuni kichwani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mbona mko mbali na barabara? Gari limewaharibikia?”

“Hapana mama. Tunakwenda msibani.”

Basi. Hilo ndilo neno. Nililitoa kirahisi kama mtu anayetema kokwa, na kwa kweli nilitegemea aseme pole, nami niseme tumeshapoa, kila mtu ashike njia yake. Kumbe mimi mtu wa mjini nilikuwa nimesahau kwamba kijijini msiba siyo habari ya wengine. Yule mama alitua mzigo wake wote chini.

“Msiba! Msiba gani tena? Wa nani?”

Akili ikanikimbia, nikasema jina la kwanza lililokuja. “Mzee Mapunda.” (Na hata hapo nilijiona mjanja, kwa hesabu kwamba Ruvuma nzima akina Mapunda wamejaa, kwa hiyo ukimtaja Mapunda ni sawa na hujamtaja mtu. Sikufikiri upande wa pili wa hesabu hiyo, kwamba kama wamejaa, basi na huko mbele yuko mmoja.)

“Mapunda yupi? Huyu wa mtoni?”

“Eee, huyo huyo wa mtoni.”

Yule mama akashika kichwa kwa mikono miwili. “Mungu wangu! Si juzi tu tulikuwa naye mnadani, kanunua jembe! Ameumwa nini?”

“Ghafla tu, mama. Kazi ya Mungu haina makosa.” Wallahi sijui maneno yale yalitoka wapi, mdomo ulikuwa unaenda wenyewe kama uko mteremkoni.

Akapiga yowe moja, likaenda likagonga kilima cha ng'ambo likarudi, akaacha kuni pale pale njiani, akajifunga khanga vizuri kiunoni akakata kichochoro cha katikati ya mahindi mbio. Mtu mzima yule, lakini ndani ya dakika moja hakuonekana tena.

Lameck akanyanyuka na kiatu mkononi. “Dada Zuhura,” akasema taratibu, “umemuua mtu.”

Skola akatoka kichakani anauliza nani analia. Tulipomwambia alikaa chini kabisa, kwenye majani. “Zuhura, wewe umesema msiba? Huku? Kwa mwanamke, halafu mtu mzima? Unajua sasa hivi taarifa iko wapi?” Akanyoosha kidole kuelekea kijijini, na kama aliyepanga nayo, kengele ya kanisa ikaanza kulia, moja moja, polepole, ile ya kuita watu.

Tukakubaliana jambo moja la busara: twende mbio tumfikie huyo Mzee Mapunda kabla ya wote, tumwangukie miguuni, tumweleze, yeye mwenyewe ajitokeze awaambie watu yuko hai. Mpango mzuri. Ubaya wake ni kwamba hatukujua anakoishi, na wa kumuuliza tungemuulizaje? “Samahani, nyumbani kwa marehemu ni wapi?”

Hatukuhitaji kuuliza. Hatujafika mbali, kila kijia kikaanza kutoa watu. Huyu na ungo wa unga, huyu na mkungu wa ndizi, wawili wamebeba sufuria kubwa ya shughuli kwa kushikana, kila mmoja sikio lake. Wanawake wakatufuata sisi moja kwa moja, maana habari ilishasema kuna wafiwa wametoka mjini kwa miguu. Kwa miguu! Hilo ndilo lililowauma zaidi. “Masikini, hata gari hawakusubiri,” nikasikia mmoja anasema, “tazama, wametoka na nguo za kulalia.” (Ilikuwa traksuti yangu mpya.) Mama mmoja mnene, sura yake ya huruma siisahau, akavua khanga yake ya juu akanifunga kiunoni kwa mikono yake, akanikumbatia, akaniambia, “Lia mwanangu, usijizuie.”

Na mimi, nawaambia ukweli, nikalia. Nililia kwa hofu na kwa aibu, lakini nani angejua, machozi yana rangi moja.

Mara tatu nilifungua mdomo kusema. Mara ya kwanza nikasema, “Jamani, nisikilizeni, Mzee Mapunda hajafa,” na wale akina mama wakazidi kulia, mmoja akasema, “Ni kweli, mtu kama yule hafi, anabaki moyoni.” Mara ya pili nilitaka kumwambia mwenyekiti wa kitongoji, lakini alikuwa mbele kabisa anapanga wachimba kaburi. Mara ya tatu nilimtazama Lameck anisaidie, nikamkuta ana debe la unga kichwani na kuku kwapani, wameshampa kazi, na kwa upole wake hakukataa.

Hapo ndipo mzee mmoja akaja akatembea kando yangu. Alikuwa mwembamba, kofia mkononi, anasukuma baiskeli ambayo hakuipanda. Hakulia. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza kwa sauti ya chini.

“Mwanangu, mimi ni Ponsiano. Ni mdogo wake. Wewe ulikuwepo?”

Nikatazama raba zangu.

“Hatujasalimiana na kaka yangu miaka kumi na moja. Kwa ajili ya mfereji wa bustani, maji ya maharage tu. Yeye alisema umepita shambani kwake, mimi nikasema umepita kwangu.” Akavuta pumzi. “Nilitaka kujua, kabla hajafa, alinitaja?”

Jamani, hapo ulimi wangu ulikuwa umeshaandaa jibu. Lilikuwa tayari, tamu, limepakwa asali: alikutaja baba, alisema amekusamehe. Lingemfurahisha, na mimi lingenivusha. Lakini nilimtazama yule mzee anavyoibana kofia yake mpaka imekuwa kama kitambaa cha kufutia, nikaona huu sasa siyo utani tena, hii ni dhambi yenye jina. Nikasimama katikati ya njia.

“Baba, nisamehe. Mimi sijawahi kumwona kaka yako. Niliulizwa ninakwenda wapi, nikachoka kueleza, nikadanganya. Jina nilibahatisha. Kwa ninavyojua mimi, yuko hai.”

Alinitazama. Nilidhani atanipiga na baiskeli. Akauliza, “Yuko hai?”

“Nafikiri hivyo, baba.”

“Unafikiri, au unajua?”

“Nafikiri.”

Akaiachia baiskeli ikaanguka yenyewe, akaanza kukimbia. Mzee wa zaidi ya miaka sitini! Akawapita wenye sufuria, akawapita wenye unga, akampita mwenyekiti, na watu kuona mdogo wa marehemu anakimbia vile wakajua uchungu umempanda, nao wakaanza kukimbia na kulia kwa sauti kubwa zaidi, nasi nyuma yao tunakimbia, Lameck na debe lake, unga unamwagika mabegani kama amenyeshewa na theluji ile ya kwenye kitabu cha jiografia.

Nyumba ya Mzee Mapunda iko chini karibu na mto, ina uwanja uliofagiliwa na kichanja cha mahindi. Kundi likaingia uwanjani kwa yowe moja kubwa, na wakati huo huo mlango wa nyumba ukafunguka, marehemu akatoka. Alikuwa ananyolewa. Amepakwa povu la sabuni kichwa kizima, mashavu, kidevu mpaka shingoni, mweupe pe, macho mawili tu yanawaka katikati, na amejitanda shuka jeupe mabegani kuzuia nywele.

Sitaki kusema nani alikimbia na nani hakukimbia. Nitasema tu kwamba sufuria ile kubwa ilibaki peke yake katikati ya uwanja inazunguka, kuku wa Lameck alijikomboa, na mwenyekiti wa kitongoji alikutwa baadaye juu ya kichanja cha mahindi akidai alipanda kuangalia hali kwa juu. Mama mnene aliyenifunga khanga alinikamata mimi akaniweka mbele yake kama ngao.

“Kuna nini?” Mzee Mapunda akauliza, povu linamdondoka. “Nani amekufa?”

“Wewe!” akajibu yule mama wa kuni kutoka nyuma ya jiko.

Mkewe akatokea nyuma yake na kiwembe mkononi, amekasirika kwelikweli. “Amekufa saa ngapi na mimi namnyoa mwenyewe? Nani kasema?”

Macho yote yakageuka polepole, kama mahindi yakipigwa na upepo mmoja, yakatua kwangu. Sikuwa na pa kujificha, hata kivuli changu naona kilisogea pembeni. Nikapiga magoti mbele ya uwanja mzima nikasema yote, tangu gari la Lusewa mpaka kokwa la uongo, nikasema mimi ni mwalimu (hapo nikasikia mtu anaguna, “Mwalimu!”), nikasema wenzangu hawana kosa, adhabu yoyote nipewe mimi.

Mzee Mapunda akajifuta povu jichoni kwa ncha ya shuka, akatazama watu wake, akatazama vitu vilivyotapakaa uwanjani mwake, kisha akaanza kutembea taratibu, anakagua.

“Huu unga wa nani? Wako? Debe zima?” akamwambia mama mmoja. “Kumbe unanipenda hivi, na kunisalimia huwa unasalimia kwa pua.” Akaenda kwa mwingine. “Na wewe, urafiki wetu wote, ndizi nne? Nne?” Watu wakaanza kucheka, kwanza wachache, kwa woga, halafu kicheko kikaenea. Akamwona mwenye jembe la kuchimbia kaburi: “Wewe ulikuwa na haraka gani?”

Kisha akafika kwa Mzee Ponsiano. Huyu hakuwa amekimbia povu kama wengine, alikuwa amesimama pale pale, anahema, kofia bado mkononi. Kicheko kikakatika. Walitazamana.

“Na wewe umekuja kufanya nini?” akauliza Mzee Mapunda.

“Nimekuja kukuzika.”

Mzee Mapunda akafikiri kidogo. “Umewahi mno,” akasema. Halafu uso wake ukakunjamana chini ya lile povu, sikujua anacheka au analia, akamshika mdogo wake begani akamvuta, na povu lote la upande mmoja likahamia kwenye sikio la Mzee Ponsiano. Yule mama wa kuni akapiga kigelegele. Ndipo wakapiga wote.

Adhabu nilipewa, msidhani niliachwa. Mwenyekiti aliposhuka kwenye kichanja alitamka kwamba chakula cha msiba hakirudi nyumbani, ni mkosi, kwa hiyo kitapikwa hapo hapo na kuliwa hapo hapo, na mwenye kusonga ugali ni mwalimu. Ule ugali, jamani! Mwiko kama kasia, sufuria inayomeza mtoto wa darasa la nne, moshi wa kuni zile zile zilizoachwa njiani, na akina mama wamenizunguka wananikosoa: geuza, kandamiza, wewe mwalimu unasonga au unabembeleza? Skola alichambua mboga huku akijifanya hanijui. Lameck alipasua kuni, na alizipanga kwa urefu. Tulikula pamoja watu wote wale, ugali, maharage, kuku (walimkamata tena, masikini), tukanywa togwa baridi kwenye vibuyu, na Mzee Mapunda aliyenyolewa upande mmoja tu, kwa sababu mkewe alisema hana muda tena, alikaa benchi moja na mdogo wake wakibishana kuhusu mfereji ule ule, lakini sasa kwa kucheka na kwa kuchora chini kwa kijiti.

Nilitaka kurudisha khanga ya yule mama mnene. Alikataa. Alisema nimeilia sana, ni yangu.

Jioni, kabla jua halijazama, wazee wote wawili walitusindikiza mpaka barabarani kusubiri gari la kurudi Songea. Lilipotokea kwa mbali, Mzee Mapunda akanishika mkono.

“Mwalimu, kuna kitu kimoja tu umeniharibia. Siku nikifa kweli hakuna atakayekuja. Watasema ni yule mwalimu tena.”

“Nitawaambia mimi,” akasema Mzee Ponsiano.

“Na ukitangulia wewe?”

“Basi utawaambia wewe.”

Wakacheka kama watoto, nasi tukapanda gari, na konda kabla hata hajapokea nauli akatutazama mara mbili akauliza, “Ninyi ndio mliomfufua mzee?” Gari zima likageuka. Lameck alijifanya amelala, na Skola akanionyesha kwa kidole bila aibu: “Ni huyu hapa.”

Kutembea sijaacha, siwezi kuacha, miguu ikishazoea zile njia inakuwasha ikifika Ijumaa. Lakini nimeapa, na kiapo hiki nimekiweka kwa Mwenyezi Mungu: sitamfisha mtu ambaye Yeye hajamfisha, na neno msiba halitatoka mdomoni mwangu mpaka nimeona kaburi kwa macho yangu. Kwa hiyo mkinikuta huko mashambani na kibegi changu mkataka kuniuliza ninakwenda wapi, tafuteni kwanza kivuli mkae, kwa sababu nitaeleza yote.